Krimu mbili zinazofanana kwenye kadi, zisizofanana ukutani

Na Mwandishi Wetu

KATIKA ujenzi wa nyumba, rangi ndiyo kazi inayokuja mwisho, wakati mfuko umekwisha kuchoka. Msingi umelipiwa, mabati yamelipiwa, milango na madirisha yamelipiwa, na fundi anasubiri makopo mawili matatu ya kumalizia sebule ili familia ihamie. Kwa mtu aliyerejea nchini baada ya miaka mingi ya kuishi ugenini, sebule hiyo ina uzito wa pekee. Humo ndimo atakamowakaribisha majirani ambao bado wanamwona kama mgeni, na humo ndimo watoto wake watakamojifunza kusema "kwetu".

Rangi ikikosewa katika hatua hiyo, hasara yake si ndogo. Ukuta uliopakwa rangi isiyotakiwa unahitaji makopo mengine, siku nyingine za fundi, na mara nyingi safari nyingine ya kuvuka mpaka. Naye mfanyabiashara aliyeiuza rangi hiyo hupoteza mteja, na pamoja na mteja huyo hupoteza mtaa mzima.

Jambo la kushangaza ni kwamba kosa hili halitokei sana kwa rangi kali. Kijani au bluu kila mtu anaiona, na ikikosewa hurudishwa dukani kabla ya kopo kufunguliwa. Kosa hutokea kwa krimu, hizi rangi za weupe uliochanganyika na asili ya udongo, ambazo wengine huziita beji. Watu huzipenda kwa sababu za msingi: zinavumilia vumbi letu jekundu kuliko nyeupe tupu, hazichoshi macho, na zinakubaliana na kiti cha aina yoyote utakachoweka mbele yake. Lakini krimu ni nyingi, na nyingi kati yake zinafanana mno.

Makala haya yanazilinganisha mbili tu, Magnolia na Gardenia. Ziweke kadi zake mkononi ndani ya duka na watu wengi watakuambia kuwa ni rangi moja. Zipake kwenye kuta nne za chumba, na kila moja itaonyesha tabia yake.

Majina ya maua, namba za kiwango

Majina yenyewe hayamsaidii mnunuzi. Magnolia ni mti wa maua uliopewa jina la mtaalamu wa mimea wa Ufaransa, Pierre Magnol, aliyefariki mwaka 1715. Gardenia ni ua lililopewa jina la Alexander Garden, tabibu mzaliwa wa Uskoti aliyefanya kazi Charleston, Marekani, katika karne ya 18. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa muuza rangi. Aidha, hakuna kinachomzuia mwenye kiwanda kubandika jina la ua lolote kwenye krimu yoyote anayoitengeneza. Ndiyo maana "Magnolia" ya kampuni moja inaweza kukataana na "Magnolia" ya kampuni nyingine kwenye ukuta uleule.

Kinachomsaidia mnunuzi ni namba. Uingereza ilitoa mwaka 1972 kiwango cha rangi za majengo kinachoitwa BS 4800. Hadi leo namba zake hutumiwa na wachora ramani, viwanda na wauzaji wa rangi, hasa katika nchi ambazo biashara yake ya ujenzi ilianza kwa desturi ya Kiingereza. Katika kiwango hicho Magnolia ni 08 B 15. Gardenia ni 10 B 15.

Namba hizo zinasomwa kwa sehemu tatu. Sehemu ya kwanza inaeleza rangi inatoka ukoo gani: 04 ni nyekundu, 06 na 08 zipo kati ya nyekundu na njano, 10 ni njano, 12 ni njano inayoelekea kijani, 14 ni kijani, na kuendelea hadi bluu na zambarau. Herufi ya katikati, kuanzia A hadi E, inaeleza kiasi cha kijivu kilichomo. A ina kijivu kingi, E haina kabisa. Namba ya mwisho inaeleza uzito wa rangi. Katika safu ya 08 B, kwa mfano, 15 ni nyepesi, na ukipanda kupitia 17, 21 na 25 hadi 29 unafika kwenye hudhurungi iliyokolea.

Sasa zitazame tena krimu zetu mbili. Kijivu ni kilekile, B. Uzito ni uleule, 15. Tofauti yote ipo kwenye 08 na 10. Magnolia inatoka upande wa wekundu, Gardenia imesimama kwenye njano na jirani yake wa upande wa pili ni kijani.

Hapo ndipo ilipo siri nzima ya kuchagua kati ya hizi mbili. Magnolia ikiharibika kwa sababu ya mwanga au sakafu, inaharibika kuelekea pinki. Gardenia ikiharibika, inaharibika kuelekea ndimu na kijani. Kazi ya mwenye nyumba ni kujua chumba chake kitaivuta rangi upande gani, kisha achague ile ya upande wa pili.

Ndani ya kopo

Krimu zote hizi huanza kama rangi nyeupe, na weupe wake kwa kawaida hutokana na unga wa titani. Ndani ya weupe huo hutiwa rangi ya njano ya oksidi ya chuma, nyekundu ya oksidi ya chuma, na mara nyingine nyeusi kidogo ya kutuliza. Oksidi hizo ni ndugu wa zile zinazoufanya udongo wa vilima vyetu kuwa mwekundu. Labda ndiyo maana krimu haionekani ngeni katika nchi hizi.

Kiasi kinachotiwa ni kidogo sana ukilinganisha na weupe uliomo. Tofauti kati ya Magnolia na Gardenia ndani ya kopo la lita 4 ni ya vitone vya nyekundu. Mashine ya kuchanganya ikiwa haijasafishwa mdomo, au kijana wa dukani akichanganya kwa kukadiria, krimu moja inaweza kusogea hadi kwa jirani yake. Hili tutalirudia tutakapofika kwenye ununuzi.

Ushauri wa Ulaya haufai hapa

Wengi wa waliorejea kutoka Ulaya, Marekani au Kanada wamekuja na vitabu vya mapambo ya nyumba, au wanatumiwa ushauri na ndugu waliobaki huko. Ushauri unaorudiwa sana ni huu: chumba chenye dirisha la kaskazini kina mwanga wa baridi, kwa hiyo kipake rangi yenye joto, chumba cha kusini kina jua, kwa hiyo kipake rangi iliyotulia.

Ushauri huo ni sahihi kwa London au Chicago. Miji hiyo ipo mbali kaskazini mwa ikweta, na jua la saa sita mchana huwa upande wa kusini mwaka mzima. Lakini Bukoba, Kigali na Bujumbura zipo kusini mwa ikweta kwa nyuzi chache tu, Bujumbura ikiwa kwenye nyuzi 3 na ushee. Hapa kwetu jua la mchana husimama karibu na utosi. Kuanzia Aprili hadi Septemba huwa limeegemea kaskazini, na kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi limeegemea kusini. Dirisha la kaskazini na dirisha la kusini hupokezana, na kwa kuwa jua lipo juu sana wakati huo, ukingo wa paa huzuia sehemu kubwa yake.

Madirisha yanayohesabiwa katika nchi hizi ni ya mashariki na magharibi. Haya hupata jua la moja kwa moja mwaka mzima, moja asubuhi, jingine jioni. Jua la jioni ni jekundu, na katika kiangazi cha Juni hadi Agosti, vumbi na moshi wa mashamba vikiwa angani, huwa jekundu zaidi. Sebule inayotazama magharibi iliyopakwa Magnolia itakuwa krimu saa nne asubuhi na pinki saa kumi na moja jioni. Wapo wanaoipenda pinki hiyo. Asiyeipenda achague Gardenia, maana njano yake hupokea wekundu wa jua na kubaki katika rangi ya siagi.

Kinyume chake ni chumba kisichopata jua la moja kwa moja, hasa msimu wa mvua anga likiwa limefunikwa na mawingu. Mwanga wa mawingu unaelekea bluu. Gardenia katika chumba hicho hupoteza joto lake na kuonekana kama maji ya ndimu. Magnolia, kwa kile kiasi kidogo cha wekundu wake, husimama imara.

Sakafu na migomba

Mwanga hauingii chumbani ukiwa peke yake. Hugonga kwanza ardhi ya nje, hugonga majani, hugonga sakafu, kisha ndipo unapofika ukutani ukiwa umebeba rangi ya ulichokigonga.

Nyumba yenye ua wa udongo mwekundu, au sakafu ya saruji iliyosuguliwa kwa rangi nyekundu, hurusha wekundu kwenye sehemu ya chini ya ukuta. Hapo Magnolia huelemewa na Gardenia husawazisha. Nyumba iliyozungukwa na migomba hadi dirishani hupata mwanga wa kijani. Hapo mambo hugeuka: Gardenia huvutwa kuelekea kijani, nayo Magnolia ndiyo inayosawazisha. Mwenye nyumba anayepanga kukata migomba hiyo mwaka ujao ili ajenge banda, aikate kwanza katika mawazo yake kabla ya kuchagua rangi.

Jambo jingine ni ule mkanda wa chini wa ukuta ambao watu wengi huupaka rangi ya mafuta iliyokolea, ili mikono ya watoto na migongo ya viti isiache alama. Mkanda huo hubadilisha namna jicho linavyoiona krimu iliyo juu yake.

Jambo hili lilielezwa kwa kina na mwanakemia wa Ufaransa, Michel Eugène Chevreul. Mwaka 1824 alipewa usimamizi wa rangi katika kiwanda cha mazulia cha Gobelins, mjini Paris. Yalikuwepo malalamiko kwamba nyuzi nyeusi za kiwanda hicho hazikukolea. Alipozichunguza aliona kuwa nyuzi hazikuwa na kasoro. Tatizo lilikuwa rangi zilizofumwa kando yake. Mwaka 1839 alichapisha kitabu kizima kuhusu jinsi rangi mbili zilizokaa pamoja zinavyosukumana machoni.

Kwa lugha ya fundi wetu, mkanda wa kijani huifanya krimu iliyo juu yake ionekane na wekundu zaidi, na mkanda wa hudhurungi nyekundu huifanya ionekane ya kijani zaidi. Kwa hiyo anayetaka mkanda wa kijani atafanya vyema kuchukua Gardenia, na anayetaka mkanda wa hudhurungi nyekundu atafanya vyema kuchukua Magnolia. Wengi hufanya kinyume, kisha humlaumu fundi.

Taa ya usiku

Familia nyingi hukutana sebuleni baada ya jua kuzama. Kwa hiyo rangi inayoonekana usiku ndiyo rangi ya nyumba kwa watu wengi wanaofanya kazi mchana.

Balbu za kizamani za waya zilitoa mwanga wa njano, wa kiasi cha 2700 kwa kipimo cha Kelvin. Balbu nyingi za siku hizi zinazouzwa kwa jina la "mchana" hutoa mwanga mweupe unaoelekea bluu, wa kiasi cha 6500. Namba hiyo huandikwa kwenye boksi la balbu na ni rahisi kuipata ikifuatiwa na herufi K. Taa nyingi ndogo za sola nazo ni za aina hii nyeupe.

Chini ya balbu ya 2700 K, krimu zetu zote mbili hupata joto. Gardenia inakuwa kama siagi, Magnolia inakuwa kama ganda la yai la kienyeji. Chini ya 6500 K, Gardenia hupauka na kuelekea ndimu, Magnolia hubaki krimu. Mwenye umeme wa sola wa taa nyeupe na hana mpango wa kuubadili ana sababu nzuri ya kuchagua Magnolia. Na mwenye chumba kilichokwisha kupakwa, ambaye rangi yake inamkera usiku peke yake, abadili balbu kwanza kabla ya kununua kopo jingine.

Kuna pia mtego unaowapata wanaojaribu kuziba kipande cha ukuta kwa rangi ya kampuni nyingine. Makopo mawili yaliyotengenezwa kwa unga tofauti yanaweza kulingana kabisa mchana na kutofautiana usiku, au kinyume chake. Kwa hiyo kipande kilichozibwa kikaguliwe katika mwanga wote miwili kabla fundi hajalipwa.

Ipi kwa chumba kipi

Kwa muhtasari, ushauri wetu ni huu.

Gardenia, 10 B 15, ichukuliwe kwa sebule inayotazama magharibi, kwa chumba chenye sakafu nyekundu au ua wa udongo mwekundu, kwa nyumba inayotumia balbu za njano, na kwa ukuta wenye mkanda wa kijani.

Magnolia, 08 B 15, ichukuliwe kwa chumba chenye kivuli cha migomba au cha baraza pana, kwa nyumba yenye vigae vya kijivu au vyeupe, kwa nyumba inayotumia taa nyeupe za sola, na kwa ukuta wenye mkanda wa hudhurungi nyekundu.

Chumba kikiwa na mambo ya pande zote mbili, mathalani sakafu nyekundu na taa nyeupe, basi kitazamwe saa ambazo watu hukaa humo. Chumba cha kulala huamuliwa na taa. Duka au ofisi huamuliwa na mchana.

Jaribu kabla ya kununua ndoo

Ushauri wowote wa gazeti haushindi jaribio la siku mbili ndani ya chumba chenyewe. Nunua kopo dogo kabisa la kila rangi. Chukua vipande viwili vya kadibodi nyeupe au ubao mwembamba, kila kimoja cha upana wa sentimita 60 hivi. Paka kila kipande mara mbili, ukiacha mpako wa kwanza ukauke vizuri. Usihukumu rangi ikiwa mbichi, kwani rangi ya maji kwa kawaida hukolea kidogo ikikauka. Ngoja hadi kesho yake.

Kisha kiegemeze kipande kimoja ukutani, karibu na sakafu, na karatasi nyeupe ya daftari pembeni yake. Karatasi hiyo ndiyo itakayokuonyesha wazi kama krimu imeegemea pinki au ndimu, jambo ambalo jicho peke yake husahau haraka. Tazama asubuhi, tazama saa tisa alasiri, tazama usiku taa ikiwaka. Hamisha kipande hadi ukuta wa mbele ya dirisha na urudie. Kisha fanya hivyohivyo kwa kipande cha pili. Kumbuka pia kwamba kuta nne huakisiana, na rangi iliyoonekana ya wastani kwenye kipande itaonekana imekolea zaidi chumba kizima kikishapakwa.

Usichague kwa picha ya simu. Familia nyingi hujenga mmoja wao akiwa mbali, na ni kawaida mume aliye ugenini kuandikiwa, "Baba fulani, tazama hizi mbili, unapenda ipi?" Simu hurekebisha mwanga wa picha yenyewe bila kumuuliza mtu, na kioo cha simu ya pili nacho kina rangi yake. Kwa tofauti ndogo kama ya 08 na 10, picha haiwezi kuwa shahidi. Anayepiga picha ndiye aliyesimama chumbani, naye ndiye aachiwe uamuzi.

Ukuta wenyewe pia uwe tayari. Lipu mpya ya saruji ina ukali unaoweza kuila rangi na kuacha madoa. Ipewe wiki nne hivi ikauke, kisha ipakwe rangi ya kwanza inayofaa kwa saruji. Na makopo yote yawe ya aina moja ya mng'aro, kwa kuwa 08 B 15 isiyong'aa na 08 B 15 inayong'aa hazitaonekana sawa hata zikikaa ukuta mmoja.

Hesabu ya makopo

Chukua chumba cha mita 4 kwa 3.5, chenye kimo cha mita 2.7. Mzunguko wake ni mita 15, na kuta zake ni mita za mraba 40 na nusu. Toa mlango mmoja na dirisha moja, zinabaki kama 37. Kwa mipako miwili ni 74. Lita moja ya rangi ya maji kwenye ukuta laini hupaka kiasi cha mita za mraba 10 kwa mpako mmoja, kwa hiyo unahitaji lita 7 na nusu, yaani makopo mawili ya lita 4. Lipu ikiwa na mikwaruzo, ongeza kopo la tatu.

Nunua yote siku moja. Kila kopo la kiwandani lina namba ya toleo, nayo huonyesha kuwa makopo hayo yalichanganywa pamoja. Makopo ya toleo tofauti yanaweza kuachana kidogo, na kwa krimu kidogo hicho kinatosha kuonekana kwenye kona. Ikiwa namba za toleo hazilingani, au rangi imechanganywa dukani, mimina makopo yote katika ndoo moja kubwa safi, koroga kwa pamoja, ndipo fundi aanze. Ni kazi ya robo saa, na inazuia ule msiba wa ukuta wa tatu kuwa na rangi yake peke yake.

Kwa wanaovuka mpaka

Wenzetu wa Rusumo, Kabanga na Kobero, Mutukula na Gatuna wanaijua hali hii. Mteja anarudi na kopo tupu, anasema, "Mama, nipe ile ile ya juzi." Muuzaji anatazama jina, anatoa kopo jingine lenye jina hilohilo, na wiki inayofuata mteja amerudi na maneno. Muuzaji hakudanganya. Jina lilikuwa lilelile, lakini kiwanda kilikuwa kingine.

Dawa yake ni kuuza kwa namba. Anayenunua upande mmoja na kuuza upande wa pili aandike katika daftari lake jina la kiwanda, namba ya rangi, namba ya toleo na aina ya mng'aro. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika biashara ya krimu, hata mteja hupotea.

Ajihadhari pia na lugha mbili za namba. Rangi zinazofuata desturi ya Kijerumani, zinazofika katika nchi zetu pia, huandikwa namba za RAL, utaratibu ulioanza mwaka 1927. Humo pia zimo krimu: RAL 1013, RAL 9001, na RAL 1015, ambayo ndiyo rangi iliyozoeleka ya teksi za Ujerumani. Hizi zinaweza kukaribiana na krimu za BS, lakini kukaribiana si kulingana. Mteja aliyeanza nyumba yake kwa 08 B 15 asiuziwe RAL ya jirani kwa ahadi kwamba "ni moja tu, mzee". Ukuta utakuja kusema ukweli. Kama namba yake haipo, ni heri kumwambia apake ukuta mzima upya kutoka kona hadi kona, kwani macho hayaoni tofauti ndogo inapokatishwa na kona kama yanavyoiona katikati ya ukuta.

Kwa upande wa ushuru, nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zina utaratibu rahisi kwa wafanyabiashara wadogo. Shehena ya bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa na zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, huweza kuvuka kwa cheti cha asili kilichorahisishwa kinachotolewa hapohapo mpakani. Rangi iliyotoka nje ya Jumuiya haiingii humo hata ikiwa imenunuliwa katika duka la nchi jirani. Kwa hiyo kabla ya kupakia ndoo, ulizia forodhani kama kopo lako limo kwenye orodha, na soma mahali lilipotengenezwa. Kuuliza si ujinga.

Mwisho, neno kwa mwenye nyumba anayepaka kwa mara ya kwanza tangu arudi. Chagua krimu ambayo utaweza kuipata tena upande huu wa mpaka, hata kama ile ya ng'ambo inakupendeza kidogo zaidi. Watoto watachora ukutani, kabati litaacha alama, mvua itapenya chini ya bati moja. Bakiza nusu lita katika kopo lililofungwa vizuri, na nyuma ya mlango wa stoo andika kwa kalamu isiyofutika: kiwanda, 08 B 15 au 10 B 15, toleo, tarehe na jina la fundi. Siku ya kuziba hizo alama ikifika, hutalazimika kwenda dukani umeshika kipande cha lipu mkononi.